Ubao wa Lita Themanini na Tano

Nilimpa mtu wa kilo tisini na tatu ubao wa lita themanini na tano, nikamsukuma ziwani, kisha nikakaa kwenye mchanga kunywa chai. Hilo ndilo kosa. Nalitaja mwanzoni kwa sababu nawajua vijana: mnasoma mistari mitatu, mnachukua namba, mnaondoka. Basi chukueni namba hizo kwanza. Atakayebaki nitamweleza ilikuwaje mtu aliyekagua hesabu yake mara saba akakosea namna ile.

Naitwa Deusi. Nilizaliwa Mwazye, nikasoma Sumbawanga, na kwa miaka minane nilikuwa mtunza mbao, mrekebishaji wa mbao na mwalimu wa mbao katika kambi ndogo ya wageni kule Kipili, Ziwa Tanganyika. Si mbao za kupaulia nyumba. Nitaeleza. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja, na msicheke: ngoma ya sikio langu la kushoto imetoboka kwa kuanguka majini mara nyingi, na daktari amenikataza maji yanayozidi ya kuoga. Sasa nauza msasa, rangi na gundi hapa Sumbawanga mjini. Kila wiki simu inaita, kijana ananiuliza, "Kaka Deusi, nichukue ubao wa lita ngapi?" Nimechoka kujibu nusunusu. Naandika yote hapa.

Kwa ambaye hajaona: unasimama juu ya ubao ulio mpana kama mlango mfupi. Chini ya ubao kuna mguu mrefu wa chuma, na kwenye ncha ya mguu kuna mabawa mawili madogo yanayokaa ndani ya maji. Hicho kinaitwa foili. Mikononi unashika bawa kubwa la kitambaa lililojazwa hewa, upepo unalivuta, nawe unavutwa nalo. Ukishika kasi, foili inausukuma ubao juu, ubao unatoka majini, na mtu aliye ufukweni anakuona unapita hewani bila kugusa kitu.

Sasa fikirieni mtu kutoka Sumbawanga, mji unaosifika kwa wachawi, anafanya hivyo mbele ya wavuvi wa Kipili. Siku ya kwanza niliponyanyuka, mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alisimama akaweka mikono kichwani. "Ndiyo hao!" akapiga kelele. "Zamani mlikuwa mnaruka usiku, sasa mmeamua mchana kweupe?" Nilianguka kwa kicheko. Miaka minane hawakuacha kuniuliza ungo wangu nimeuficha wapi.

Hakuna aliyenifundisha. Mgeni mmoja aliondoka akaacha kambini mbao mbili, foili mbili na bawa la njano, akasema atarudi, hakurudi. Mama mwenye kambi akaniuliza mimi, kijana wa kufagia na kupanga viti, kama naweza kujua vinavyotumika. Nikasema ndiyo, kwa sababu nilikuwa naogopa kusema hapana. Nikajifunza kwa video za simu, nikipanda mlima nyuma ya kambi kutafuta mtandao, nikiandika kila kitu kwenye daftari. Nilikuwa mtu wa kupanga misumari kwa urefu wake. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima nikaanza upya.

Mbao zile mbili ziliandikwa ujazo wake kwa lita. Mkubwa lita mia na thelathini. Mdogo themanini na tano. Lita ni nini kwenye ubao? Ni nafasi ambayo ubao unaichukua ndani ya maji ukizamishwa wote. Lita moja ya nafasi inabeba takriban kilo moja. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ubao utakubeba umesimama bila upepo, unalinganisha lita zake na kilo zako. Hapo ndipo kila kijana anadhani ameelewa. Nami nilidhani.

Kwenye video, mafundi wa kweli wote walikuwa na mbao ndogo. Walisema ubao mdogo ni mwepesi, unageuka haraka, hausumbuki na mawimbi. Kweli kabisa. Ila hawakusema, au walisema kwa Kiingereza cha haraka nisichokipata, kwamba mtu wa ubao mdogo ni mtu ambaye upepo wake hautarajiwi kumwacha. Mimi nilitoka pale na imani moja: ubao mkubwa ni wa aibu. Ule wa mia na thelathini nikaupa jina la mtumbwi.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Nyanda. Alikuwa mlinzi wa kambi, Msukuma wa Muze, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Baba yake alihamia pale na ng'ombe Nyanda akiwa bado anabebwa mgongoni. Mtu mkubwa, mabega kama ya ng'ombe wa jembe, lakini miguuni mwepesi ajabu. Alijifunza kwenye ubao mkubwa kwa miezi miwili, na tulitukanana kila siku kama ndugu.

"Wewe maji unayoyajua ni ya kunyweshea ng'ombe," nilimwambia alipoanguka.

"Na wewe Mfipa ziwa uliliona kwenye kalenda," alinijibu akitema maji. "Huko kwenu Mwazye mtu akitaka kuogelea analala kwenye ulezi."

Mama mwenye kambi alimwona anavyosimama, akamwahidi: akiweza kwenda mpaka kisiwa cha karibu na kurudi, ataacha ulinzi na kuwa mwalimu wa pili. Kwa Nyanda hilo lilikuwa jambo kubwa. Baba yake hakutaka kusikia kazi ya maji. Alisema mtu wa ng'ombe akifia ziwani hata watu wa kulia hawatajua waanzie wapi. Nyanda alitaka arudi Muze akiwa na kazi yenye jina.

Nami nilitaka aende kwenye kisiwa kile akiwa na ubao unaomfaa kwa kipimo kamili. Si mkubwa wa kumtia aibu. Nilitaka hesabu ifunge.

Tulipanda Sumbawanga kununua gundi na msasa. Juni, baridi ya mjini inauma masikio, Nyanda amejifunga blanketi kama mganga. Tukapita mahali wanaponunua mahindi, vijana wa ghala wanapanga magunia, na mbele yao mizani kubwa ya chini. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikawaomba. Wakacheka, wakasema pandeni, leo binadamu hatununui. Nyanda akapanda: themanini na mbili. Nikapanda mimi: hamsini na moja.

Naomba msimame hapo kidogo. Mimi nilikuwa najua kwamba nina kilo hamsini na nane. Nilikuwa nimepimwa mwaka ule ule. Mizani ikaniambia hamsini na moja, na nikafanya nini? Nikasema, "Kweli samaki wa kila siku hawanenepeshi." Nikaandika. Mtu anayechana ukurasa kwa herufi moja aliona kilo saba zimepotea mwilini mwake, akazitafutia sababu ili asiharibu orodha.

Nikapiga hesabu kwenye basi la kurudi. Nyanda themanini na mbili. Jaketi la kuokolea na nguo zilizoloa, tatu. Jumla themanini na tano. Ubao, themanini na tano. Haikubaki hata lita moja. Niliona uzuri ambao siwezi kuueleza, kama vile Mungu ameupima ubao ule kwa ajili ya mtu yule. Nikarudia hesabu mara saba, na kila mara ilitoka vilevile, maana hesabu yenye makosa mawili mwanzoni haijirekebishi kwa kurudiwa. Makosa mawili, ndiyo. La pili nitalisema sasa hivi ili asiwepo wa kulirudia: ubao nao hujibeba. Ubao wenyewe, mguu wa chuma na mabawa yake vilikuwa kilo kumi na moja. Sikuviandika popote. Nilipanga uzito wa mtu juu ya ubao usio na uzito.

Kando ya kambi alikuwa akiunda mitumbwi na boti mzee mmoja, fundi Mwanakulya. Hakupenda watu. Alikuwa anaziba nyufa kwa pamba, anatafuna dagaa wakavu, na ukimsalimu shikamoo alijibu marahaba bila kuinua uso. Foili alipoiona mara ya kwanza aliuliza kwa nini tunafunga nanga chini ya ubao. Lakini nilimwonyesha ubao mdogo, nikajisifu kuhusu kipimo changu.

"Huu ni wa nani?" akauliza.

"Wa Nyanda."

Akamwangalia Nyanda aliyekuwa anavuta mkokoteni wa kuni. Akaurudia ubao. "Mpe kondoo."

"Mzee, lita zake zinalingana na kilo zake. Nimepima."

"Upepo ukilala?"

"Asubuhi haulali, mzee. Unatoka nchi kavu mpaka saa nane."

Akatema mwiba wa dagaa. "Mimi boti sijengi kwa siku itakayokwenda. Najenga kwa saa itakayosimama katikati." Akarudi kwenye pamba yake. Nilimwona ni mtu wa zamani anayeogopa vitu vipya. Niliandika hata hilo kwenye daftari, kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wanawe.

Nyanda naye alisema neno. Tulipokuwa tunafunga foili, aliinua ubao kwa mkono mmoja, akaugeuza, akasema, "Mshikaji, huu si mdogo kidogo?"

Nilimfungulia daftari. Nilimwonyesha mistari yote. Nilipandisha sauti. Nilimwambia kama haamini kazi yangu atafute mwalimu mwingine Tanzania nzima. Akasema, "Basi, basi, mwalimu. Nimeuliza tu."

Tulijaribu kwanza pembeni, maji ya kiunoni. Upepo ulikuwa mzuri. Nyanda akapanda huku nimemshikia ubao, bawa likavuta, mara akawa juu anapaa. Ndugu zangu, hapo ndipo penye udanganyifu, na msipokumbuka kingine kumbukeni hiki: upepo ukiwepo, ubao mdogo haukuonyeshi ubaya wake. Kinachokubeba ni kasi. Ubao umetoka majini, lita zake hazina kazi. Mtu wa kilo mia anaweza kupaa juu ya ubao wa lita hamsini na ukampigia makofi. Lita unazihitaji wakati wa kuondoka na wakati wa kukwama. Mimi nilimjaribu kwenye upepo, nikasema imethibitika.

Siku yenyewe aliondoka saa nne asubuhi. Upepo ulitoka nchi kavu kwenda ziwani, maana yake ulikuwa unampeleka mbali na mimi. Boti ya kambi ilitakiwa kuwapeleka wageni upande wa pili; mama mwenye kambi aliniuliza kama naihitaji ibaki, nikasema iende tu, sina shaka. Nikamsukuma Nyanda, akanyanyuka, bawa la njano likawa dogo, dogo zaidi. Nikachukua kikombe changu.

Alikuwa amepita nusu ya njia bawa lilipolala chini. Nilidhani ameanguka, ataamka. Kisha nikahisi shingoni mwangu hakuna upepo. Nikaangalia majani ya migomba: yamening'inia. Ziwa lote lilikuwa kama sahani ya uji uliopoa. Saa tano haijafika, na daftari langu lilisema saa nane.

Bado sikushtuka, kwa sababu mtu mwenye ubao unaotosha akiachwa na upepo anapiga magoti, au analala kifudifudi, anapiga maji kwa mikono kama anayeogelea, anarudi taratibu huku anatukana. Nilichukua darubini ya wageni, nikasubiri nimwone amepiga magoti. Nilichoona ni kichwa na mabega. Halafu mabega yakainuka, maana yake anajaribu kupanda, halafu yakashuka mpaka kidevuni. Ubao ulikuwa unazama chini yake. Nilihesabu mara nne anapanda, mara nne unazama naye. Ya tano sikuiona, macho yalijaa.

Sijui kama mnaelewa aina ile ya mshtuko. Si kwamba kuna hatari. Ni kwamba kitu ambacho hakiwezekani kinatokea mbele yako. Nilifungua daftari. Ndiyo, mtu wangu yuko majini, nami nimesimama ufukweni nasoma mstari wa jumla, themanini na tano, themanini na tano, kana kwamba nikiusoma vizuri ubao utasikia.

Aliyenitoa pale ni fundi Mwanakulya. Sikumsikia anakuja. Alinipiga kofi la mgongo. "Weka karatasi chini, shika huku." Alikuwa anasukuma mtumbwi ambao hajaumaliza, upande mmoja bado pamba inaning'inia. Tukauingiza majini, tukashika kasia. Maji yaliingia tangu mwanzo. Nilipiga kasia, nikachota maji kwa sufuria ya chai, nikapiga tena. Mzee hakusema neno njia nzima isipokuwa moja: "Kati ya visiwa viwili maji yanakwenda Kongo. Piga."

Ilichukua zaidi ya saa moja. Tulipomfikia alikuwa amekaribia mwanya ule. Hakuwa juu ya ubao. Alikuwa amelala kifua chake juu ya bawa la njano, limejaa hewa, linamwelesha kama godoro, na ubao unavutwa nyuma kwa kamba ya mguuni. Nilikuwa sijawahi kumfundisha hivyo. Alijigundulia mwenyewe baada ya kuchoka kupanda. Kwa hiyo andikeni: upepo ukikuacha, bawa usilitupe, bawa ni boya lako la mwisho. Midomo ilikuwa imekuwa kama majivu na vidole havikunjuki. Alinitazama akasema, "Deusi. Ubao wako unakunywa pombe?"

Nilicheka nikalia wakati mmoja. Mzee akasema, "Mvute, utacheka nchi kavu."

Tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimfunika mablanketi mawili, akampa chai ya sukari nyingi, na alipopata nguvu za kusimama akampandisha kwenye mizani ili ajaze karatasi yake. Nilikuwa pembeni. Nikaona mshale.

"Tisini na tatu," muuguzi akasema. "Kaka, hiyo ni misuli au ugali?"

Nikamwomba nipande mimi. Hamsini na nane.

Nilitoka nje nikampigia baba Mwazye. Nilimweleza kwa haraka, maneno yanagongana. Akauliza swali moja: "Mlipimia wapi?"

"Kwenye ghala la mnunuzi wa mahindi, baba. Sumbawanga."

Akaniita jina langu zima, jambo analolifanya kwenye misiba tu. "Deogratias. Mizani ya mnunuzi? Wewe umekulia kwenye shamba la mahindi. Ulidhani kwa nini kila msimu gunia letu likishuka kwenye baiskeli linapungua? Mtoto wa darasa la pili wa Mwazye anajua mizani ile haimpendi mkulima. Na wewe ukapimia mtu?"

Nilijua. Hilo ndilo la kutisha. Nilikuwa nimesikia maneno hayo tangu utotoni, jikoni, shambani, kanisani baada ya misa. Ila nilikuwa nimeyaweka kwenye upande wa mahindi. Sikufikiri kwamba mizani inayoiba mahindi itaiba na mtu.

Niliporudi ndani, ninaona aibu kuandika hili, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimepata kosa, na kosa halikuwa langu. Nikachuchumaa karibu na kitanda cha Nyanda. "Nimejua! Ni mizani! Wamechezea mizani! Wewe si themanini na mbili, ni tisini na tatu!"

Akanywa chai. "Najua."

"Umejuaje, muuguzi amekwambia?"

"Najua tangu zamani. Nilipimwa nilipomtolea damu mke wa kaka yangu. Tisini na tatu, tisini na nne. Siku zote niko hapo."

Nilikaa chini sakafuni. "Siku ile ghalani, mizani ilipoonyesha themanini na mbili, ulijua si kweli?"

"Nilijua."

"Nyanda. Ulikuwa unakwenda katikati ya ziwa. Kwa nini hukusema?"

Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Nilisema huu si mdogo kidogo. Ulinifungulia daftari. Mwezi uliopita nilikwambia kamba umefunga kinyume, hukuongea nami siku mbili, na kamba ilikuwa kinyume. Wewe ndiye unayemwambia mama nani anafaa. Mimi nataka kazi, Deusi. Nikafikiri, huenda kwenye hesabu za mbao kilo ni nyingine. Huenda mwalimu ana sababu." Akanirudishia kikombe. "Ulikuwa umepiga hesabu mara saba. Ningeanzia wapi?"

Mpaka leo mizani ya ghala hainiumi. Baba yangu anaishi nayo kila msimu. Kinachonishtua ni kwamba namba sahihi ilikuwepo siku zote, imesimama mbele yangu ikivuta mkokoteni wa kuni, na nilikuwa nimejenga ukuta wa usahihi kiasi kwamba haikuweza kuingia. Nilidhani umakini wangu ndio unaowalinda watu. Ulikuwa unawanyamazisha.

Nyanda aliondoka kwenda Muze, na kwa mwezi mzima sikujua kama atarudi. Mwezi ule nilijifunza upya, na haya ninayowapa sasa ndiyo yaliyotoka humo.

Usiamini lita zilizoandikwa kwenye ubao wa zamani. Ukipasuka na kunywa maji, lita zile ni za marehemu. Upime hivi, na hii nilionyeshwa na fundi Mwanakulya kwa madumu yake ya maji: weka ubao juu ya maji mahali palipotulia pamoja na foili yake, panga madumu ya lita ishirini yaliyojaa juu yake, moja moja, mpaka uso wa ubao ulingane na maji. Kila dumu ni kilo ishirini na kidogo. Ulichoweka juu ndicho utakachoruhusiwa kuweka. Hakuna cha kutoa, hakuna cha kusahau, ubao umeshajibeba wenyewe.

Anayeanza aongeze lita thelathini au arobaini juu ya kilo zake. Aliyezoea, na anatoka mbali na ufuko, aongeze angalau ishirini. Anayetaka lita sawa na kilo zake awe anacheza mbele ya watu wenye boti, na boti iwe pale, si upande wa pili na wageni. Na kama umesoma namba zako kwenye video za watu wa baharini, ongeza kidogo tena. Maji ya chumvi hubeba kuliko haya yetu. Angalia pia upana. Mbao mbili za lita sawa, mwembamba utakutupa, mpana utakuacha upumue. Mtu mwenye woga apewe mpana. Mimi nilihitaji mpana maisha yangu yote.

Halafu mjaribu mtu bila upepo. Achague asubuhi maji yamelala, apige magoti katikati ya ubao, akae hapo mpaka achoke kukaa. Kama magoti yameloa tu, sawa. Kama kiuno kimezama, rudisha ubao ndani hata kama unapendeza.

Nyanda alirudi. Alikuja na debe la mchele wa Muze, akaliweka mlangoni kwangu, akasema, "Baba anasema ukinizamisha tena atakuja na ng'ombe wote wakukanyage." Tukachukua ubao mkubwa, ule niliouita mtumbwi. Boti ilimfuata nyuma, ninaiendesha mimi, jicho halimtoki njia nzima. Alikwenda kisiwani na kurudi. Katikati ya njia upepo ulimwacha mara mbili, akapiga magoti, akapiga maji kwa mikono, akanitukana kwa Kisukuma, upepo ukarudi, akaamka. Mama mwenye kambi alikuwa anasubiri ufukweni, akamwambia aje kesho achukue fulana ya ualimu.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Miaka mitano iliyofuata tulifanya kazi pamoja, na hakuna mtu tuliyemfuata na mtumbwi mbovu.

Sasa Nyanda ndiye mkuu wa mbao pale Kipili. Mtu akifika, anamwuliza uzito wake, na anaandika anachoambiwa na mtu mwenyewe kabla hajatazama mizani. Mizani ikisema tofauti, wanaanza kuulizana. Na mwanafunzi akisema ubao aliopewa ni mdogo, anapewa mkubwa siku hiyo hiyo, bila kutakiwa aeleze kwa nini.